Kwa nini Doa Jekundu la Mshtarii halitawanyiki?

Wengi hulidhania Doa Jekundu Kuu, dhoruba kubwa inayozunguka kwenye sayari ya Mshtarii, kuwa kimbunga kama vya duniani, ila kikubwa kupindukia. Sivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini limedumu.

Kimbunga cha duniani huzaliwa juu ya bahari yenye joto. Katikati yake mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo hewa hukimbilia ndani na kupanda, na mvuke unapogeuka matone hutoa joto linalokiendesha. Kikifika nchi kavu hukosa mvuke, husuguana na ardhi, na baada ya siku chache kimekwisha. Doa Jekundu limejengwa kinyume: mgandamizo wa katikati ndio mkubwa. Hata mzunguko wake unalitambulisha. Vimbunga vya dunia vilivyo kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Doa nalo liko kusini mwa ikweta ya Mshtarii, lakini huzunguka kinyume, na ukingoni upepo hupita kilomita 400 kwa saa. Bahari ya kulilisha haipo kabisa.

Linaendeshwa na nini basi? Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10, na mawingu yake yamejipanga katika mikanda ambayo pepo zake hupishana. Kaskazini mwa Doa upepo huelekea magharibi. Kusini mwake, mashariki. Hapo Doa ni kama kijiti kinachopekechwa: kiganja kimoja kinakwenda mbele, kingine kinarudi nyuma, na kijiti hakina budi kuzunguka. Viganja hivi, ajabu yake, havigeuzi mwelekeo. Chini nako hakuna ardhi ya kulisugua, bali hidrojeni na heliamu. Doa pia humeza dhoruba ndogo zinazopita karibu, ingawa wataalamu bado wanajadili kama zinalishibisha au zinalimega.

Maana kumegeka linamegeka. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikadiriwa kuwa na upana wa kilomita 40,000 hivi. Leo ni kama 16,000, bado likiizidi dunia. Doa lililoonwa na mwanaastronomia Cassini mwaka 1665 lilifuatiliwa hadi 1713, kisha halikuonwa tena kwa zaidi ya miaka mia moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba huenda hilo lilikuwa doa jingine, na hili la sasa limefuatiliwa tangu 1831.