Kizidishi cha marekebisho kwenye daino: maana yake kwa gari la Tabora au Kigoma

Gari likipandishwa kwenye daino, mashine inapima nguvu ambayo magurudumu yanasukumia roli (vyuma vya mviringo vinavyozungushwa na tairi), na kwa mwendo gani. Namba inayotoka hapo ni namba ghafi. Lakini karatasi anayokabidhiwa mwenye gari mara nyingi haina namba hiyo. Ina nyingine, iliyopatikana baada ya kompyuta kuichukua ile ghafi na kuizidisha kwa 1.02, au 1.12, au 1.18, kutegemea hali ya hewa ya siku hiyo na mahali pale. Hiyo 1.02 au 1.18 ndiyo kizidishi cha marekebisho.

Ukiwa Dar es Salaam unaweza kutyuni magari, yaani kurekebisha injini zitoe nguvu zaidi, miaka mingi bila kukijali, maana pale hubadilisha kidogo tu. Tabora huwezi. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo kizidishi huongeza karibu sehemu moja ya tano. Farasi 150 (farasi ndicho kipimo cha nguvu ya injini) waliopimwa kwenye roli wanaandikwa 177 kwenye karatasi. Hao 27 wa ziada wametoka kwenye hesabu. Hesabu yenyewe ni halali, lakini mwenye gari ana haki ya kujua ipo.

Chanzo cha yote ni hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Sensa zinapima hewa inayoingia, kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, inaamuru nozeli zimwage petroli ya kulingana nayo. Hewa ikipungua, petroli inapunguzwa, na nguvu inashuka. Watu husema huku juu oksijeni ni chache, na kwa namna fulani ni kweli, ila si kwa asilimia: hewa ya Tabora ina oksijeni asilimia 21 kama ya Dar. Kilichopungua ni uzito wa hewa inayojaa ndani ya silinda kila pistoni inaposhuka.

Uzito huo unaamuliwa na mambo matatu. La kwanza na kubwa ni mgandamizo wa hewa. Pwani ni karibu hektopaskali 1,012. Kigoma, ambako ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya bahari, ni karibu 925. Tabora ni karibu 880. La pili ni joto, kwa sababu hewa ya moto hutanuka na kuwa nyepesi. La tatu ni mvuke: kando ya ziwa, siku yenye unyevu, sehemu ya ule mgandamizo ni maji yaliyo hewani, nayo hayasaidii kuunguza chochote. Ndiyo maana kanuni hutaka mgandamizo wa hewa kavu, yaani mgandamizo wote ukiondoa wa mvuke.

Sasa, ili gari lililopimwa Kigoma mwezi Julai lilinganishwe na lililopimwa Dar mwezi Januari, wahandisi walikubaliana juu ya hewa moja ya kufikirika, kisha kila kipimo kinaelezwa kana kwamba kilifanyika ndani ya hewa hiyo. Shida ni kwamba makubaliano yako zaidi ya moja. SAE J1349 ya Marekani inatumia nyuzi joto 25 na hektopaskali 990 za hewa kavu, na ISO 1585 pamoja na ECE R85 zinatumia hali hiyo hiyo. DIN 70020 ya Ujerumani inachukua nyuzi 20 na hektopaskali 1,013. Halafu iko ya zamani, SAE J607, ambayo kwenye karatasi za daino huandikwa STD: nyuzi 15.5 na 1,013, hewa ya baridi na nzito kuliko zote. Injini ile ile, mpigo (kipimo) ule ule wa daino, ikiandikwa kwa STD inaonekana kubwa kwa karibu asilimia 4 kuliko ikiandikwa kwa SAE. Kwa gari la farasi 200 hao ni farasi 8, na vipo vipuri vingi vinavyouzwa kwa ahadi ya faida ndogo kuliko hiyo. Herufi zenyewe huwa ndogo, pembeni mwa grafu. Zitafute kabla hujaangalia kilele cha mstari.

Kanuni ya SAE J1349 inayotumiwa na daino nyingi ni hii:

Kizidishi = 1.18 × (990 ÷ P) × √((T + 273) ÷ 298) − 0.18

P ni mgandamizo wa hewa kavu kwa hektopaskali, T ni joto la hewa inayoingia kwenye injini. Ile 0.18 inayotolewa mwishoni huwatatiza wengi, na inastahili kueleweka. Kanuni inachukulia kwamba asilimia 15 ya nguvu inayozaliwa ndani ya silinda huliwa na msuguano wa pistoni, beringi na pampu. Msuguano huo haupungui eti kwa sababu gari limepanda mlima. Basi hewa ikipungua, injini inapoteza nguvu ya kuzaliwa lakini inaendelea kulipa gharama ile ile ya msuguano, na kinachobaki kwenye magurudumu kinashuka kwa kasi kubwa kidogo kuliko hewa yenyewe.

Tuipige kwa alasiri ya Oktoba Tabora. Mgandamizo 880, joto nyuzi 30, unyevu asilimia 30, ambao kwa joto hilo ni mvuke wa hektopaskali kama 13. Hewa kavu inabaki 867. Gawanya 990 kwa 867 unapata 1.142. Kipeuo cha pili cha 303 kwa 298 ni 1.008. Zidisha zote kwa 1.18 unapata 1.358, toa 0.18, inabaki 1.178. Kigoma kwa nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 70 hutoa 1.12. Dar kwa nyuzi 31 na unyevu huo huo hutoa 1.02.

Maana yake, gari moja lisilo na tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) likionyesha farasi 100 ghafi Tabora litaonyesha kama 105 Kigoma na 115 Dar, na karatasi zote tatu zikirekebishwa zitasema 118. Mfanyabiashara wa Kigoma anaelewa jambo hili haraka, kwa sababu akilinganisha bei ya Bujumbura na ya Kalemie hubadili zote ziwe shilingi kichwani. Kubadili kunamwezesha kulinganisha, ila hakumwongezei hela mfukoni.

Kosa baya kuliko yote kwenye hesabu hii ni la mgandamizo, na linatokea kirahisi mno. Fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu ukiwa katikati ya Tabora, itakuambia mgandamizo ni 1,013 au karibu na hapo. Haikudanganyi. Watabiri hupandisha vipimo vya kila kituo hadi usawa wa bahari ili ramani iweze kulinganisha miji, na marubani nao hupewa namba ya namna hiyo. Lakini injini haivuti hewa ya usawa wa bahari. Fundi akiingiza 1,013 kwenye kompyuta ya daino, kizidishi kinatoka karibu 1.00, gari la farasi 150 ghafi linabaki 150, kisha mwenyewe anailinganisha na karatasi ya Dar ya gari kama lake, 175. Anaambiwa injini imechoka. Anabadilishiwa plagi, pampu ya petroli, pengine hata ringi, kwa ugonjwa ambao haupo. Daino iliyofungwa vizuri ina kiboksi chake chenye kipima mgandamizo, joto na unyevu, na kwa Tabora namba sahihi lazima iwe karibu na 880. Ukiona elfu moja na kitu, simamisha kazi.

Joto nalo linaweza kuharibu, kwa upande wa pili. Sensa ya joto inatakiwa ikae pale eya klina inapovuta. Ikiwekwa kwenye upepo wa rejeta au karibu na eksozi ikasoma nyuzi 45 badala ya 30, kizidishi cha Tabora kinapanda hadi 1.21. Farasi 150 ghafi wanaandikwa 182 badala ya 177. Hakuna kilichoguswa kwenye injini.

Yapo pia mambo ambayo kizidishi hakihusiki nayo na huchanganywa nacho kila siku. Namba ya kwenye kitabu cha gari imepimwa kwenye mtambo, yaani injini yenyewe, kabla ya gia boksi na difu kula sehemu yake, na kwa magari ya Japani imeandikwa kwa PS, farasi mdogo kidogo kuliko wa Kiingereza. Kuongeza asilimia 15 au 20 ili "kurudi kwenye mtambo" ni makisio tofauti kabisa. Karatasi iliyofanyiwa yote mawili bila kusema imeenda mbali sana na kilichopimwa.

Halafu kuna mpaka ambao wenye kanuni wenyewe wameuweka. Chini ya ISO 1585 na ECE R85, kipimo cha kuthibitisha nguvu ya injini kinakubalika tu kizidishi kikiwa kati ya 0.93 na 1.07. Kigoma, kwa kanuni hizo, tayari tumevuka. Tabora tumevuka mbali. Kwa matumizi ya gereji namba bado ina kazi, lakini ichukuliwe kama makadirio, na ubishi wa farasi wawili watatu kati ya karatasi ya Tabora na ya Dar hauna mwamuzi.

Kwenye tabo ndipo ninapoomba watu wawe waangalifu zaidi, maana Forester na Mark II zenye tabo zinapendwa, na ndizo zinazotyuniwa. Kanuni ile inachukulia kwamba hewa ya silindani inashuka sambamba na hewa ya nje. Tabo haikubali hivyo. Chukua gari linalosukuma baa 0.7 juu ya hewa ya nje (baa moja ni hektopaskali 1,000). Dar hewa yote inayofika kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, ni 1.01 na 0.7, jumla baa 1.71. Tabora ni 0.88 na 0.7, jumla 1.58. Hewa ya nje imepungua asilimia 13, lakini ya silindani imepungua chini ya 8. Na kama kontroli boksi imepangwa kuhakikisha manifodi inafika 1.71 popote pale, tabo itazunguka kwa kasi zaidi na upungufu utakuwa mdogo hata kuliko huo. Gari la namna hiyo ukilizidishia 1.18 unalilipa farasi ambao halikupoteza. Litaonekana limeshinda wenzake wote wa Dar, likishushwa huko halitafikia ile namba. Kwa tabo za huku mimi naamini namba ghafi, na pembeni yake iandikwe baa ngapi zilifika kwenye manifodi.

Dizeli ina kanuni zake ndani ya ISO 1585, moja kwa zisizo na tabo na nyingine kwa zenye tabo. Ile ya petroli isitumike kwa Land Cruiser ya 1HZ eti kwa sababu ndiyo iliyokuwa imechaguliwa kwenye kompyuta.

Mahali kizidishi kinafanya kazi yake vizuri kabisa ni kupima kabla na baada ya kutyuni. Julai Tabora, alfajiri ni nyuzi kama 15 na mchana inafika 29. Kwa gari la farasi 150 tofauti hiyo peke yake ni kama farasi 4. Fundi akipima mchana na eya klina ya zamani, akafunga mpya, akapima tena kesho yake alfajiri, atapata faida ya farasi 4 hata kama eya klina mpya haijasaidia lolote. Namba zilizorekebishwa zitaliondoa hilo. Hata hivyo hakikisha daino ni ile ile, tairi zina upepo ule ule, gia ni ile ile, feni iko mahali pale pale.

Mizigo nayo ihesabiwe kwa ghafi. Lori dogo linalotoka Tabora kwenda Kigoma kwa njia ya Kaliua na Uvinza linapanda kila kilima kwa farasi waliopo, na karatasi haivuti tela.

Na fundi anayetyuni anapaswa kufuata hewa halisi, lakini aikumbuke ile ambayo haipo. Injini isiyo na tabo ikitumia jedwali la petroli na taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) linalofuata mgandamizo wa manifodi, hapa Tabora haifiki zaidi ya kilopaskali 88, yaani zile hektopaskali 880, hata ukikanyaga mafuta hadi chini. Visanduku vya jedwali vya kilopaskali 90 hadi 100 havifikiwi kabisa wakati wa kutyuni, vinabaki na namba za kubahatisha. Gari likishuka Morogoro na kuendelea hadi Dar, hewa nzito inaingia, injini inaanza kusoma visanduku hivyo, na kama taimingi ilisogezwa mbele kwa ushujaa wa huku juu, inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda. Mwambie avijaze kabla ya safari: petroli izidi kidogo, taimingi irudi nyuma kidogo, na mpigo wa mwisho ufanyike pwani.