Pasaka haiishi Jumatatu

Jumatatu ya Pasaka stendi kuu ya Moshi hufurika. Waliopanda Kibosho, Kilema na Rombo kula sikukuu na wazazi wanarudi Dar es Salaam na mikungu yao ya ndizi, na utawasikia wakiagana: "Haya, Pasaka imekwisha, tuonane Krismasi." Maneno hayo hunichoma, maana kwa kalenda ya Kanisa hiyo ni siku ya pili tu. Mpaka Pentekoste, sikukuu ya Roho Mtakatifu inayofunga siku 50 za Pasaka, zimebaki 48.

Mimi ni katekista, kazi yangu ni kuwaandaa watu wazima kwa ubatizo. Naona Wakatoliki wenzangu tumejua sana kufunga, kusherehekea bado. Kwaresima tunaiweza: majivu, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, tunaiacha, nyama tunaiacha. Lakini hebu hesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu. Utapata siku 46, si 40. Zile sita za ziada ni Jumapili, nazo hazimo katika mfungo kwa sababu kila Jumapili ni Pasaka ndogo. Na Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza kwamba siku za Jumapili na kipindi chote hadi Pentekoste watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Wazee wale walitaka hata miguu yetu ikiri ufufuko.

Kinachonifundisha zaidi ni mshumaa wa Pasaka. Usiku wa Mkesha, mara nyingi masika yakiwa yameanza na moto tunaukinga na mvua, padre huchora juu yake msalaba, Alfa na Omega na tarakimu nne za mwaka, kisha hupachika punje tano za ubani kwa ajili ya madonda matano ya Bwana. Mshumaa huo hukaa karibu na altare siku zote 50, halafu huhamia penye kisima cha ubatizo. Baada ya hapo utauona ukiwaka mtoto anapobatizwa, na utauona kando ya jeneza kabla hatujampeleka marehemu kuzikwa kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Ni uleule. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba Pasaka ni wikiendi ya siku nne.

Nilikosea miaka yangu ya mwanzo. Mafundisho niliyafunga usiku wa Mkesha, nikawaacha wabatizwa wapya wakati ambao Kanisa tangu kale limewatengea kutafakari walichopokea. Kufika Pentekoste wengine nilikuwa siwaoni tena. Siku hizi tunakutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, na swali langu ni moja: usiku ule uliona nini, ulisikia nini?

Jumapili ya pili, ile ya Huruma ya Mungu, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Injili ni ya Yohane sura ya 20: Yesu anaingia milango ikiwa imefungwa, anawaambia waliomkimbia, "Amani kwenu," kisha anawapa mamlaka ya kuondolea dhambi. Sisi Wachaga tunalo isale, jani ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa huona aibu kulikataa. Nawaambia watu wa jumuiya: kama Kwaresima ilipita hujapatana na ndugu yako mliyegombania mpaka wa shamba, basi beba isale wiki hiyo. Usingoje Majivu yajayo.

Krismasi ina shida hiyohiyo. Kipindi chake huendelea hadi Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari, lakini pango nyumbani huvunjwa kabla hata Mamajusi hawajafika.

Mmoja wa wabatizwa wangu, kijana wa bodaboda, alijibu swali langu kwa kusema hakukumbuka mahubiri hata kidogo. Alikumbuka tu msimamizi wake akimpa mshumaa mdogo uliowashwa kutoka ule mkubwa. Akaupeleka nyumbani. Kila Jumapili jioni aliuwasha mezani, yeye na mkewe wakasali sala ya Malkia wa Mbingu, wakala, wakauzima. Siku ya Pentekoste alikuja kunionyesha: kilikuwa kimebaki kipande cha urefu wa kidole gumba.