Pasta ya jioni kwa mtoto wa miezi, mtoto anayechagua chakula na watu wazima: maswali na majibu

Je, sufuria moja ya pasta inaweza kuwatosha watu wazima, mtoto wa miaka minne anayekataa karibu kila kitu na mtoto wa miezi minane?

Inaweza, mradi mpishi akubali kwamba chakula ni kimoja na kinachotofautiana ni namna ya kukipakua. Pasta nyingi kavu huiva kwa dakika 8 hadi 12, na muda huo unatosha kuandaa mchuzi wa nyanya na nyama ya kusaga. Dengu nyekundu zilizokobolewa zitaiva pamoja na pasta zikitangulizwa jikoni kwa dakika chache. Kinachomchosha mzazi, kwa maoni yangu, si mapishi yenyewe bali mazoea ya kumpikia kila mmoja chakula chake. Mazoea hayo pia humnyima mtoto anayechagua nafasi ya kuona wenzake wakila kile anachokikataa.

Chumvi itiwe wakati gani?

Itiwe baada ya sehemu ya mtoto wa chini ya mwaka mmoja kutengwa. Pasta ichemshwe katika maji yasiyo na chumvi, mchuzi wa mtoto uchotwe, kisha watu wazima waongeze chumvi katika mchuzi uliobaki. Figo za mtoto wa umri huo bado hazijakomaa, na mamlaka za afya za Uingereza hushauri apate chumvi isiyozidi gramu 1 kwa siku, ikijumuisha ile iliyomo tayari katika vyakula. Vidonge vya kukoleza mchuzi, sosi za chupa na baadhi ya jibini zina chumvi nyingi, kwa hiyo mzazi anayejizuia kutia chumvi huku akitia kidonge hajapunguza kitu. Asali nayo haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ikiwa ni ya kupunguza ukali wa nyanya, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyosababisha ugonjwa hatari wa botulizimu.

Pasta pekee inamtosha mtoto mdogo?

Haimtoshi. Pasta nyeupe ni wanga zaidi, ilhali akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huanza kupungua anapokaribia miezi 6, umri ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya. Nyama iliyosagwa vizuri, samaki aliyeondolewa miba, yai lililoiva au dengu ndivyo vinavyoifanya sahani hiyo kuwa mlo wa mtoto. Mchuzi wa nyanya una faida ya ziada hapa, kwa kuwa vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mimea. Dengu ndani ya mchuzi wa nyanya ni mchanganyiko mzuri kwa bei na kwa afya.

Aandaliwe pasta ya umbo gani, na hatari ya kupaliwa ikoje?

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 hushika chakula kwa kiganja kizima, hivyo vipande virefu vya pasta iliyojikunja humfaa kuliko vile vidogo, ambavyo ataviweza atakapoanza kuokota kwa ncha za vidole, kwa kawaida karibu na miezi 9. Pasta yake ibaki jikoni dakika chache zaidi hadi ipondeke kirahisi kati ya vidole viwili. Tambi ndefu zikatwe, nyanya ndogo za mviringo zigawanywe mara nne kwa urefu, na mipira ya nyama ivunjwevunjwe.

Mtoto ale akiwa ameketi wima na mtu mzima akimtazama. Anayekohoa na kutoa sauti kwa kawaida anajitahidi kukirudisha chakula mwenyewe. Anayenyamaza ghafla na kushindwa kupumua ndiye anayehitaji huduma ya kwanza papo hapo.

Ngano, mayai na maziwa vinaweza kumletea mzio?

Vinaweza, lakini kuvichelewesha hakumkingi. Kila kimoja kianzishwe peke yake, kwa kiasi kidogo. Pasta isiyokauka mara nyingi huwa na mayai, basi maandishi ya pakiti yasomwe.

Mtoto mkubwa akikataa mchuzi, afanyweje?

Asilazimishwe. Kuogopa chakula kigeni ni jambo la kawaida hasa kati ya miaka 2 na 6, na mtoto anaweza kuhitaji kuwekewa chakula kilekile mara 10 au zaidi kabla ya kukionja kwa hiari. Mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter alipendekeza mgawanyo wa majukumu ambao bado unatumika sana: mzazi ndiye anayeamua nini kiliwe, lini na wapi, na mtoto ndiye anayeamua kama atakula na kwa kiasi gani.

Kwa sahani ya pasta, hii inamaanisha kupakua vitu mbalimbali: pasta upande huu, mchuzi katika bakuli dogo, nyama na mboga kando, na angalau kitu kimoja ambacho mtoto anakizoea. Kumwahidi kitu kitamu akimaliza karoti humfundisha kwamba karoti ni adhabu. Kusaga mboga ndani ya mchuzi si kosa, ila mboga hizo zionekane pia mezani kwa umbo lake halisi, kwani mtoto hawezi kuzoea kile asichokijua. Na kama leo amekula pasta tupu na kipande cha jibini, inatosha. Lishe yake ipimwe kwa wiki nzima.

Masalio yahifadhiwe vipi?

Yaingizwe kwenye jokofu, kwenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, ndani ya saa 2. Vijimbegu vya bakteria aitwaye Bacillus cereus huhimili kuchemshwa, kisha huzaliana katika pasta iliyoachwa kwenye joto la kawaida, na sumu mojawapo ya bakteria hao haiondoki kwa kupasha moto. Mabaki ya sahani ambayo mtoto ametia mkono au kijiko alicholia yatupwe.

Ni lini kuchagua chakula kunahitaji daktari?

Pale uzito unapopungua au kusimama, mtoto anapokataa makundi mazima ya chakula, anapopaliwa au kutapika mara kwa mara, au anapoonekana mweupe na mchovu. Akivimba uso au kuhema kwa shida baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja.