"Nimeshalipia Chumba, Maji ni Yangu"

Wageni wengi wa hoteli huamini kwamba bei ya chumba imeshamaliza hesabu zote: umeme na maji yamelipiwa, basi ukitumia au usipotumia ni yale yale.

Kwa bwawa la kuogelea, wana hoja. Pampu zake huzunguka na maji huvukizwa na jua hata asipoingia mtu, kwa hiyo anayejinyima kuogelea ili kulinda mazingira hajaokoa karibu chochote. Aogelee tu.

Hodhi la kuogea ni habari nyingine. Likijazwa hubeba takriban lita 150, na kuyaongezea maji hayo joto la nyuzi 30 hula zaidi ya uniti 5 za umeme. Shawa ya lita 9 kwa dakika, ukioga dakika 8, hutumia lita 72, chini ya nusu. Usipolijaza, maji hayo hayatoki kabisa kwenye tangi. Vivyo hivyo kiyoyozi kinachopoza chumba kitupu mchana kutwa.

Tena bei ni mapatano kati yako na mwenye hoteli. Kisima kikikauka, mwenye kuumia ni jirani, ambaye hakuwapo kwenye mapatano hayo (wala hakupata mgawo wa faida).

Ni kweli hoteli nayo hunufaika usipofuliwa taulo kila siku. Lakini faida yake hairudishi maji yaliyokwisha kumwagika. Penye mvua tele nisingekulaumu kwa hodhi moja. Penye mgao wa maji, ningekulaumu.