Pengwini Mjuaji na Ubao wa Mzee Whoopee

Tennessee Tuxedo ni katuni ya elimu inayohusu wanyama wa bustani ya wanyama, lakini kuhusu wanyama wenyewe haifundishi karibu lolote. Nasema hivyo kwa kuisifu. Kazi yangu ni kuandika skripti za katuni za watoto, na kila nikikutana na mwandishi mgeni anayedhani kwamba mhusika akiwa twiga basi somo nalo lazima liwe twiga, humtuma akamtazame huyu pengwini wa Marekani wa mwaka 1963.

Wahusika wakuu ni wawili. Tennessee ni pengwini mfupi mwenye maneno mengi na mipango mikubwa. Sauti yake ni ya Don Adams, ile ya haraka, kali, inayopita puani, ambayo baadaye watu waliizoea kwa jasusi wa kipindi cha vichekesho Get Smart na, miaka ya 1980, kwa katuni ya Inspector Gadget. Rafiki yake Chumley ni walrasi, mnyama mnene wa baharini mwenye meno mawili marefu yanayoshuka nje ya mdomo. Mpole, mzito wa kuelewa, hana makuu.

Porini hawa wawili hawakutani. Walrasi ni wa bahari za kaskazini kabisa. Pengwini ni wa kusini mwa dunia, kutoka Antaktika hadi fukwe za Afrika Kusini na Namibia, na waliofika mbali zaidi kaskazini ni wale wa visiwa vya Galapagos, pale kwenye ikweta. Mahali pa kupanga chumba kimoja ni bustani ya wanyama tu. Kwa hiyo Bustani ya Megapolis, wanamoishi, si pambo la hadithi. Bila hiyo hata urafiki wenyewe haupo.

Televisheni ya CBS ya Marekani ilianza kuirusha Septemba 1963, Jumamosi asubuhi, na hadithi za Tennessee zilifika 70. Waliounda kampuni iliyoitunga, Total TeleVision, walitoka kwenye biashara ya matangazo. Wakala waliokuwa wakiufanyia kazi ulihudumia General Mills, watengenezaji wa nafaka za kifungua kinywa. Mtoto alitakiwa akae mbele ya televisheni mpaka tangazo la nafaka lipite, basi. Elimu iliingiaje? Mei 1961 Newton Minow, mwenyekiti wa tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, alisimama mbele ya wenye vituo na kuwaambia kwamba walichokuwa wakirusha ni jangwa tupu. Katika hali hiyo, katuni yenye somo ndani yake ilikuwa na utetezi. Sesame Street, kipindi mashuhuri cha elimu ya watoto, kilikuwa bado, kilianza 1969. Usitafute hapa jopo la wataalamu wa malezi. Hii ni elimu ya watu wa matangazo, waliojua kwamba ukimchosha mteja umempoteza.

Mifupa ya hadithi karibu zote ni ile ile. Tennessee anataka pesa, au sifa, au kumwonyesha mkurugenzi wa bustani kwamba mnyama naye anaweza. Anaingia kwenye kazi asiyoijua: ufundi wa magari, simu, taa za umeme, hata kunyeshesha mvua. Anajigamba kwamba Tennessee Tuxedo hashindwi. Anashindwa. Ndipo yeye na Chumley wanapotoroka kizimbani kwenda kwa rafiki yao Phineas J. Whoopee, mzee mwenye majibu ya kila kitu. Mzee anafungua kabati lililoshindiliwa vitu, vinamporomokea vyote, na katikati ya lundo anatoa ubao wake wa ajabu, ubao wa pande tatu, kwa kifupi cha Kiingereza 3DBB, ambao michoro yake inacheza.

Tazama somo limewekwa wapi. Halipo mwanzoni, na mwishoni halipo pia. Liko pale mtoto alipokwisha kuona kazi imeharibika na anataka kujua kwa nini. Chukua injini ya petroli. Ukianza na ubao, unampa mtoto mipigo minne ya kukariri: pistoni inashuka, inavuta hewa na mafuta, inapanda, inavibana, plagi inapiga cheche, mlipuko unaisukuma pistoni chini, inapanda tena, inatoa moshi. Atakariri, na Jumatatu atakuwa amesahau. Sasa anza na gari lililokataa kuwaka, mwenye gari amesimama pembeni, na fundi mwenyewe ni pengwini. Kila mpigo unakuwa wa kushukiwa. Hewa inaingia? Mafuta yanafika? Cheche ipo? Maelezo hayajabadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba mtoto sasa ana kesi mkononi.

Chumley ndiye anayeifanya kazi hiyo iwezekane, na wengi hawamhesabu. Tennessee ni mjuaji. Hawezi kuuliza swali la kijinga, maana amekwisha kutangaza kwamba anajua. Chumley hana heshima ya kulinda. Anauliza kile ambacho mtoto sebuleni angeuliza. Watu hupenda kumfananisha Tennessee na Sungura wa hadithi zetu, nami hukataa. Sungura anajua udhaifu wa Fisi kabla hajamwendea. Tennessee hajui hata jina la spana aliyoishika.

Kuna na suala la pesa, ambalo sisi wa kazi hii tunalitazama kwanza. Uchoraji ulifanywa Mexico, kwenye studio ya Gamma Productions, kwa bajeti ndogo, na inaonekana: mdomo unacheza, mwili umeganda, mandhari zinajirudia. Lakini ubao wa mzee Whoopee ni mistari juu ya giza. Mchoro wa mistari ni rahisi kuchezesha, na kwa bahati nzuri ndio mchoro bora wa kueleza mashine, kwa sababu umeondoa kila kitu isipokuwa kinachofanya kazi. Kwa hiyo sehemu nafuu zaidi ya kipindi ndiyo iliyokuwa na faida kubwa zaidi kwa mtazamaji. Nimekaa kwenye vikao vingi ambapo tunamwaga pesa kwenye dansi na somo tunalibandikia maandishi. Hapa walifanya kinyume.

Baada ya somo wanarudi kazini, mambo yanaenda vizuri kidogo, halafu pupa au majivuno yanaharibu, na mara nyingi wanaishia mikononi mwa mkurugenzi wa bustani. Hili nalipenda mno. Maarifa hayakuwageuza kuwa wema. Waliambiwa injini inavyofanya kazi, si namna ya kuishi.

Huyo mkurugenzi, kwa njia, anaitwa Stanley Livingstone. Mtoto wa Chicago labda aliyapita majina hayo bila kushtuka. Sisi tuliosomeshwa habari za Ujiji ya 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, hatuwezi. Mtafutaji na mtafutwaji wameunganishwa wakawa bwana mmoja mwenye hasira na funguo za vizimba, na msaidizi wake Flunky anamfuata nyuma akiitikia. Nilicheka peke yangu.

Lakini siichukui yote. Wanawake karibu hawamo. Na mzee Whoopee hakosei kamwe, wala Tennessee hapimi kitu, hakisii, hajaribu hiki na kile akaona kipi kimefanya kazi. Anashindwa, anakimbia kwa mzee, anapewa. Sayansi inakuwa kitu cha kuombwa kwa mtu mwenye kabati. Kwa mtoto anayeketi darasani na wenzake wengi, akinakili kutoka ubaoni siku nzima, huo mpangilio anao tayari. Hahitaji pengwini wa kumwongezea.

Ndiyo maana ninapouazima muundo huu, mzee wangu, ambaye siku hizi ni bibi fundi cherehani, huruhusiwa kuchora mipigo mitatu tu. Wa nne wahusika wanautafuta wenyewe, kwa kufungua kitu, kukivunja na kukirudisha. Hilo linaongeza dakika mbili kwenye skripti, na kila mara mhariri anairudisha na alama nyekundu pale pale: somo halijakamilika. Namjibu kwamba limekamilika, ila si mdomoni mwa bibi. Hatujaelewana bado.