Kumteremsha Mzee Sakafuni Nako Ni Kuanguka

"Hakuanguka, dada, nilimteremsha tu taratibu. Sasa niandike ripoti ya nini?" Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na mhudumu wa wazee hodari kabisa, mtu wa kwetu. Nimechoka kujibu koridoni, kwa hiyo leo najibu hapa.

Mimi ni nesi kwenye nyumba ya wazee huku Marekani, na kazi yangu kubwa ni kuchunguza matukio. Mwongozo wa MDS, fomu ya serikali tunayojazia tathmini za wakazi, unasema kuanguka ni kushuka bila kukusudia mpaka sakafuni au popote palipo chini ya pale ulipokuwa, hata kama ni kitini au kwenye godoro la pembeni mwa kitanda. Magoti yamelegea, umemdaka, umemkalisha chini: kaanguka. Umemdaka kabla hajafika chini, na bila wewe angefika: hilo nalo linahesabiwa. Kuumia hakumo kabisa kwenye maana hiyo. Na ukimkuta sakafuni hakuna aliyeona, kaanguka mpaka ushahidi uonyeshe vingine. "Alikuwa amejikalia tu" si ushahidi. Bibi wa miaka 88 mwenye nyonga ya bandia hashuki chini saa tisa usiku kucheza bao.

Kinachoniuma ni kwamba magoti hayo yamelegea kwa sababu. Labda kaongezewa dawa ya presha juzi, labda sukari imeshuka, labda ana maambukizi ya mkojo. Leo ulikuwepo ukamdaka. Kesho atakuwa peke yake. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande na hakuna anayejua kama kichwa kiligonga, damu inaweza kuvuja polepole ubongoni huku yeye anakunywa chai yake. Ndiyo maana tunamwangalia mboni na fahamu kila dakika 15 mwanzoni, na nyumba nyingi huendelea mpaka saa 72. Usipoandika, zamu ya usiku itamwacha alale.

Halafu hizo ripoti zenyewe! "Chanzo: mkazi hakubonyeza kengele. Hatua: amekumbushwa kubonyeza kengele." Amekumbushwa nani? Mama mwenye dementia ambaye hakumbuki kama amekula? Niambie alivaa nini miguuni, kitanda kilikuwa juu kiasi gani, taa iliwaka, miwani ilikuwa wapi, alikuwa anaelekea wapi, na mara ya mwisho alipelekwa chooni saa ngapi. Mara nyingi sana jibu linakuwa choo.

Mambo ya muda wa kuripoti nayapitia haraka. Si kila kuanguka kunaripotiwa kwa idara ya jimbo inayosimamia nyumba za wazee. Dai la unyanyasaji, au la uzembe ulioleta jeraha kubwa, liripotiwe ndani ya saa 2. Uzembe usio na jeraha kubwa, au michubuko ya kutia shaka ambayo hakuna anayeweza kuieleza, saa 24. Matokeo ya uchunguzi, siku 5 za kazi. Saa zinaanza kuhesabiwa dai linapotolewa, si meneja anapoamka.

Uchunguzi wenyewe nao siuamini kama ninavyotakiwa kuuamini. Maelezo ya mashahidi hunifikia watu wakiwa wameshapiga soga kwenye maegesho, na yote yanafanana. Nikiandika "haikuthibitishwa", wakati mwingine maana yake ni kwamba aliyeona ni mzee mmoja tu, na kesho yake kasahau.

Hofu yenu naielewa pia. Sheria inakataza kumlipizia kisasi mtu aliyeripoti anachokishuku kuwa uhalifu, lakini sheria haipangi ratiba ya zamu, na wapo wakubwa wanaoigeuza ripoti kuwa fimbo. Kwa hiyo andika ulichokiona na saa uliyokiona, kabla hujatoka zamu na kabla hujaongea na mtu. Maneno ya mzee yaweke kama alivyoyasema. Nani alaumiwe, usiandike, hiyo hukuulizwa. Na kwenye faili la mgonjwa andika tukio lenyewe, usiandike "ripoti imejazwa".