Wale wazee wenye beji nyeusi: tunavyodhani na ilivyo

Ukiishi Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huenda umeshawaona: mzee wa Kizungu mwenye shati jeupe na tai, mkewe kando yake kavaa sketi ndefu, kila mmoja na beji nyeusi kifuani. Ni wamishenari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao tuliozoea kuwaita Wamormoni. Mimi si muumini wao. Nimewafundisha Kiswahili wanandoa wa aina hiyo hapa Nairobi, na kila nikitoka kwao bawabu, mama mboga, hata dada yangu, huniuliza maswali yaleyale. Tatizo ni kwamba tukisikia neno mmishenari, tunamwona mtu wa vitabu vya historia: Biblia mkono mmoja, hati ya shamba mkono wa pili.

"Wanalipwa, tena kwa dola"

Hili halikosi. Ukweli ni kwamba hawapati mshahara. Wengi ni wastaafu: mwalimu, muuguzi, mkulima, karani wa benki. Kodi ya nyumba na chakula hutoka kwenye pensheni na akiba zao, kwa muda waliokubali kutumikia, ambao ni kati ya miezi 6 na 23. Mwaka 2011 Kanisa lao liliweka kikomo cha kodi, dola 1,400 kwa mwezi, kwa sababu waliopangiwa miji ya ghali walikuwa wakielemewa. Najua, kwa wengi wetu kodi ya dola 1,400 ni utajiri mtupu, wala sibishi. Lakini mzee niliyemfundisha aliuza gari na kupangisha nyumba yake ili aje kununua sukuma wiki ya Nairobi kwa pesa yake mwenyewe. Hapo si mwajiriwa.

Dhana hii inazaa nyingine: kwamba wamekuja kugawa. Watu huwafuata na barua za karo, wakijibiwa "hapana" wanaondoka wakinung'unika kuwa Mzungu ni bahili. Kumbe wamishenari wameagizwa wasimpe mtu pesa mkononi. Msaada hupitia kwa askofu wa eneo, ambaye kwao ni mwenyeji wa kawaida mwenye kazi yake, naye hutumia sadaka za mfungo: waumini huacha kula milo miwili mara moja kwa mwezi na kutoa thamani ya milo hiyo. Utaratibu wenyewe una mantiki. Ninachowalaumu ni kwamba aliyebeba barua ya karo haelezwi hivyo, anapewa tabasamu tu.

"Kazi yao ni kupiga hodi milangoni"

Hiyo ni kazi ya vijana, wale wanaotembea wawiliwawili kwenye jua kali. Wavulana hukaa miezi 24, wasichana 18. Na hapa kuna kichekesho cha lugha: cheo cha wavulana hao, katika tafsiri za Kiswahili za Kanisa lao, ni "Mzee". Kwa hiyo barobaro wa miaka 19 ni Mzee fulani, na babu wa miaka 72 ni Mzee fulani vilevile. Babu wangu angeomba radhi kwa niaba ya lugha.

Wazee wenyewe, wale wa mvi, hawalazimishwi kuhubiri mtaani wala hawafuati ratiba ya vijana ya kuamka na kulala. Wengi wanafanya kazi ambazo ungezikuta katika ofisi yoyote ya kata. Siku moja nilifika kufundisha nikakuta somo limeahirishwa kwa sababu ya mtungi wa gesi. Vijana wanne upande wa pili wa mji walikuwa wameishiwa tangu juzi, wanakula mkate mkavu, na tenki lao la maji lilikuwa tupu. Mzee alikuwa na daftari la nyumba zote walizopangisha, na rundo la funguo, kila ufunguo umefungwa utepe wa karatasi wenye jina la mtaa. Alikuwa akibishana kwenye simu na mwenye nyumba kuhusu dipoziti ya nyumba. Bibi yake alikaa kwenye meza ya chakula mbele ya lundo la pasipoti, anafungua moja moja kuangalia tarehe ya kibali, anaandika kwa kalamu ya risasi, anafungua nyingine. "Huyu siku kumi na mbili," akasema, bila kuinua macho. Nilisubiri saa nzima. Hakuna aliyemtaja Mungu isipokuwa walipoombea chakula.

Kuna wengine walio wauguzi, ambao simu zao hazinyamazi: kijana ana homa Kisumu, mwingine anaharisha Eldoret, na jibu ni lilelile, umepima malaria? Wengine hufundisha vijana kuandika maombi ya kazi na kutunza hesabu za biashara ndogo, wengine husimamia miradi ya visima.

"Wanakataa chai kwa dharau"

Hili limeharibu ziara nyingi. Niliwasindikiza kwa mama mmoja Kawangware. Alikuwa ametandika kitambaa cha meza na kuchemsha chai ya maziwa iliyokolea. Mgeni wangu wa kike akaweka kiganja juu ya kikombe, akatikisa kichwa huku akitabasamu. Mwenyeji akanyamaza. Kukataa chai ya mtu nyumbani kwake, mbele ya watoto wake, si jambo dogo kwetu.

Ukweli ni sharti la dini yao liitwalo Neno la Hekima, la mwaka 1833: hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, hawanywi kahawa, na hawanywi chai ya majani. Nilipoeleza kwamba kosa ni majani tu, mama akacheka: "Kumbe! Si mngesema mapema?" Akaingia jikoni, akarudi na maziwa moto yenye tangawizi na iliki. Bibi alikunywa vikombe viwili. Siku hizi nikianza na mwanafunzi mpya, sentensi ya kwanza ninayomfundisha, kabla hata ya kuhesabu, ni "Naomba ya maziwa bila majani, tafadhali."

"Wametupwa na watoto wao"

Kwetu mzee hukaa na wajukuu, kwa hiyo mzee aliye peke yake nchi ya mbali lazima ana kisa. Wanaotumwa hawaruhusiwi kuwa na watoto wanaowategemea nyumbani, lakini wajukuu wamejaa tele. Saa kumi na moja alfajiri ya Nairobi, majira ya joto kule kwao Utah, Marekani, ni saa mbili usiku wa jana yake, na ndio muda bibi huyu alioweka miadi na wajukuu kwenye simu. Mjukuu mmoja alizaliwa wakiwa huku. Bibi alinionyesha picha yake mara tatu katika somo moja, akajifunza neno "kitukuu" ambalo hakulihitaji bado.

Hayo mengine nitayapita haraka. Wake wengi? Kanisa lao lilitangaza kuacha ndoa hizo mwaka 1890, na anayeoa mke wa pili leo hufukuzwa. Wamekuja kufia huku? Kabla ya kutumwa hujaziwa fomu na daktari na daktari wa meno. Wamekuja kutalii? Wanaweza kusema wangependa wapi, lakini mwito hutoka makao makuu.

"Ni mambo ya Wazungu"

Yalianza hivyo, sikatai. Juni 1978 Kanisa hilo liliondoa katazo lililowanyima Weusi ukuhani. Novemba mwaka huohuo waliotumwa kufungua kazi Nigeria na Ghana walikuwa wanandoa wawili watu wazima, Rendell na Rachel Mabey pamoja na Edwin na Janath Cannon. Rendell Mabey alikuwa na miaka 70 hivi. Waliwakuta Wanaijeria waliokuwa wakisubiri kubatizwa kwa miaka, akiwemo Anthony Obinna, aliyebatizwa wa kwanza tarehe 21 Novemba.

Ila tangu hapo njia imekuwa ya pande mbili. Joseph Sitati wa Bungoma na mkewe Gladys walikuwa Calabar, Nigeria, yeye akiwa rais wa misheni, yaani msimamizi wa wamishenari wa eneo hilo, alipoitwa mwaka 2009 kuingia katika uongozi mkuu wa Kanisa. Na kwenye hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, utakuta wanandoa Wakenya wenye mvi wakihudumu.

Wanafunzi wangu waliporudi kwao waliwaachia waliofuata sufuria, pasi na lile daftari la nyumba. Nililifunua mezani. Ukurasa wa kwanza mzee alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake, bila kunionyesha nisahihishe: "Fundi bomba piga simu Jumatano. Ijumaa yeye hapana shika simu."